Jambiani na familia: fuateni maji kabla ya kufuata orodha ya hoteli

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma. Mwezi wa Agosti tunakwenda Unguja: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 9 na 13, na mama mkwe. Tutakaa siku sita katika hoteli ya ufukweni Jambiani. Hoteli imetutumia orodha ya matembezi kwa bei za dola: kuogelea na pomboo, Jozani, kasa, ngalawa, "ziara ya kijiji" na mengineyo. Sitaki tumalize siku sita kwenye viti vya ufukweni, lakini pia sitaki tutembezwe kijijini kama watu waliokuja kutazama umaskini wa wenzao. Tufanye nini, tuache nini? Mama mkwe magoti yanamsumbua.

Jibu:

Dada mwalimu, iweke kando orodha hiyo kwanza. Kabla hujachagua hata safari moja, jua maji yatakuwaje siku hizo sita. Pwani yetu ya mashariki, kuanzia Michamvi na Bwejuu hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, kazi, chakula, mchezo na hata kuogelea vyote hufuata maji. Mgeni asiyelijua hilo hupoteza nusu ya siku zake. Hutoka chumbani saa nne asubuhi na taulo begani, akaikuta bahari iko kule kwenye mwamba, zaidi ya kilometa moja, na mbele yake pametandaa mchanga, tope na majani ya baharini. Hukasirika, akarudi kitini. Na wakati huohuo, mbele ya macho yake, nusu ya kijiji iko kazini.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, watoto wako wataishika mara moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi kwa wingi, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 4, na tena tarehe 15 hadi 18. Siku hizo maji hukauka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi na saa kumi na moja jioni. Katikati yake, kama tarehe 8 na tarehe 23, ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji juu, na saa nne ya asubuhi huenda yakawa yamejaa. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hoteli nyingi hubandika jedwali la maji mapokezi. Kama hamlioni, muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila ya kutazama saa.

Basi tazama siku zenu zinaangukia wapi. Asubuhi za bamvua ni za kutembea baharini kwa miguu, na alasiri zake ni za kuogelea na ngalawa. Asubuhi za maji mafu maji yako karibu lakini huku nje hakuna kazi ya kuona. Hizo ndizo siku za kuogelea mapema kisha kwenda Jozani, Kizimkazi na pangoni. Siku sita mara nyingi hugusa pande zote mbili.

Sasa nikuambie kitu ambacho mimi nisingekiacha kwa bei yoyote, nacho hakina gharama kubwa: matembezi ya maji makavu, pamoja na mtu wa Jambiani mwenyewe, ikiwezekana mwanamke anayelima mwani. Tokeni saa moja na nusu hivi kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, mkiyafuata yanavyotoka. Vaeni viatu vyenye soli ngumu visivyochomoka mguuni, kwa sababu kwenye mawe wamo wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia unyayoni, siku mbili zimekwisha. Kofia, maji ya kunywa, na kanga ya kujifunga kiunoni.

Mtaona vigingi vimepangwa safu kwa safu, na kamba zimevutwa kutoka kigingi hadi kigingi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na vijiji vya kwanza vilikuwa Paje na Jambiani. Kwa muda mfupi kikawa kazi ya wanawake, na mpaka leo wengi wa wakulima ni wao. Simama karibu na mmoja kwa adabu, umtazame mikono. Anavunja kichipukizi cha mwani kama urefu wa kiganja, anakipitisha kwenye kitanzi cha uzi mdogo uliokwisha fungwa kwenye kamba kuu, anavuta, kimekaa. Kingine. Kingine. Hakazi sana, kwa sababu mwani ukibanwa hukatika unaponenepa; halegezi sana, kwa sababu mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, yataubeba. Baada ya wiki sita hivi kile kichipukizi kimekuwa kichaka cha kujaza mikono miwili. Huvunwa, akabakisha mbegu, mzigo ukaenda nchi kavu kichwani au kwa ngalawa, ukaanikwa siku kadhaa. Ukikauka hubaki kidogo mno kwa jasho lililotoka. Huuzwa kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, ambako hutolewa kitu cha kugandisha kinachoitwa karajinani. Kimo katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Mtoto wako wa miaka 9 amekwisha kuula mwani bila ya kujua.

Nakueleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo utamaduni na mazingira hukutana, na ndipo penye habari nzito. Mwani uliwapa wanawake wa huku fedha iliyokuwa mikononi mwao wenyewe. Sare za skuli, mabati, vyombo vya ndani vya harusi, vimetoka humo. Lakini bahari imezidi joto. Aina ya kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika, na katika maeneo mengi ya maji mafupi haistawi tena. Kilichobaki ni spinosamu, yenye bei ndogo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar, kwa miaka mingi amefanya kazi na wakulima hawa ili wahamishie mwani kwenye maji marefu yenye ubaridi, na wauongezee thamani badala ya kuuza mkavu tu. Maji marefu yanataka chombo na yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mwanao wa miaka 13 akisikia hayo kutoka kwa mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti, habari ya mabadiliko ya tabianchi itamkaa kuliko darasani. Wewe mwalimu unalijua hilo kuliko mimi.

Wengine Jambiani wamegeukia kulima sponji za kuogea, zinazoning'inizwa kwenye kamba majini na huchukua muda mrefu hadi kufikia ukubwa wa kuuzwa. Mkipata nafasi zitazameni. Na Paje zipo karakana ndogo ambako wanawake husaga mwani wakatengeneza sabuni, mafuta na dawa za kusugulia ngozi. Nunueni sabuni huko huko. Kipande kimoja kinamwachia mtengenezaji faida nzuri kuliko mwani mkavu.

Adabu ya kwenye mwani ni hii. Msikanyage kamba wala msipite katikati ya safu bila ya kuitwa. Mkulima ana saa tatu au nne tu kabla ya maji kurudi, msimkalishe kwa maswali akapoteza mzunguko mzima. Ndiyo maana nasema mwende na mtu ambaye mmekwisha kubaliana naye malipo ya muda wake. Mkitaka kufunga, ombeni afundishe mtoto kamba moja. Na picha: omba kwanza, na usimpige mtu akiwa ameinama. Nimeona wanawake wakifunika nyuso zao kwa kanga kila kundi la wageni linapopita, na wageni wale wakaendelea kupiga, wakidhani ni haya tu ya kishamba. Ni kukataa.

Mkiendelea mbele kuelekea mwambani mtakutana na wachokoaji wa pweza. Tundu la pweza hujulikana kwa maganda ya kaa na kombe yaliyorundikwa mlangoni, kwani pweza hula ndani na hutupa makombo nje. Mwambie kijana wako atafute tundu lenye maganda mapya. Pweza huishi muda mfupi, jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila ya kula, kisha hufa. Kwa hiyo ukimchukua jike kabla hajataga, umechukua pamoja na kizazi chake. Ndiyo sababu baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba vimeamua kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha hufungua siku moja kwa shangwe na wote wakaingia pamoja. Mkiambiwa sehemu fulani imefungwa, msipite hata kwa miguu.

Viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, mtaviona vingi, vyekundu na vya rangi ya machungwa. Watoto watatamani kuviokota kwa ajili ya picha. Waambieni waviache majini. Kikitolewa nje, hewa inakiumiza. Hali kadhalika kombe na kauri kubwa zinazouzwa njiani: karibu zote huchukuliwa zikiwa hai na kuchemshwa. Msinunue.

Maji yakigeuka, nanyi geukeni. Hayarudi kwa mstari mmoja kama wageni wanavyofikiri. Hujaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo nyuma yenu, na ghafla mnajikuta kisiwani. Mwenyeji wenu atajua, mfuateni bila ya ubishi.

Mkiwa njiani kurudi, karibu na ufukwe, mtaona marundo ya mawe kwenye tope, kila rundo na mwenyewe. Chini yake pamefukiwa makumbi ya nazi. Hukaa humo miezi mingi hadi yaoze nyama yake ikabaki nyuzi, kisha hufukuliwa. Harufu yake ni kali, watoto watashika pua. Makumbi huwekwa juu ya jiwe na kupondwa kwa kigongo hadi yatoke usumba, ndizo nyuzi zenyewe, usumba ukaoshwa, ukaanikwa, na ukasokotwa kamba kwa viganja. Kamba hizo ndizo zilizofunga vitanda, paa na vyombo vya pwani nzima kabla ya kamba za plastiki.

Na hapa ndipo ninapomfikiria mama mkwe. Msimburute kwenye matope. Kazi ya kusokota na kushona hufanywa kivulini, juu ya baraza au chini ya mti, na wanaoifanya wengi ni wanawake wa umri wake. Wapo wanaosokota usumba, wapo wanaosuka ukili wa mikeka. Muombeni mwenyeji wenu ampeleke asubuhi moja kwa bibi mmoja anayekubali, akae naye, ninyi mkiwa mwambani. Mtu mzima kutoka Dodoma, anayejua kusuka au aliyewahi kulima na kulea wajukuu, hatakosa la kuzungumza. Atarudi na habari za kijiji ambazo hakuna mtembezaji anayeweza kukuuzieni. Mpeni kitu cha kupeleka mkononi, kilo ya sukari na majani ya chai yatosha, na asiende na kamera.

Hapo nimeingia kwenye swali lako la "ziara ya kijiji", nalo nalijibu kwa uzito kwa sababu wasiwasi wako ni wa haki. Ziara hizo zipo nzuri na zipo mbaya. Uliza mambo haya: anayewatembeza ni wa shehia ile, yaani mtaa ule, au ameletwa kutoka mjini? Sheha, kiongozi wa shehia, anajua? Wale mtakaoingia majumbani mwao wanalipwa, au ni mtembezaji peke yake? Akibabaika, acheni. Na hata ziara iliyo nzuri, ondoeni vituo viwili. Cha kwanza ni skuli wakati wa masomo. Wewe ungejisikiaje darasa lako likikatizwa kila siku na wageni wanaotaka watoto wawaimbie? Cha pili ni nyumba ya mganga. Aendaye kwa mganga ana shida yake, na shida ya mtu haifai kuwa tamasha.

Kuna jambo ninyi mnalo ambalo mgeni wa Ulaya hana: mnasema Kiswahili. Litumieni. Mgeni wa mbali hupita kijijini kimya kama kwenye jumba la makumbusho. Ninyi mnaweza kumwamkia mtu mzima shikamoo, mkasubiri marahaba, mkauliza hali ya nyumbani, na hapo mlango umefunguka. Nyumba ikiwa wazi, pigeni hodi mara tatu, msipojibiwa, rudini. Msikilize watu wa hapa wanavyozungumza wao kwa wao, hasa mkifika Makunduchi ambako wazee wana lahaja yao ya Kikae, na watoto watagundua kwamba lugha wanayofanyia mtihani ina ndugu wengi. Vijiji hivi ni vya Waislamu. Ndani ya hoteli vaeni mnavyopenda, lakini mkivuka uzio kuingia kijijini, mabega na magoti yafunikwe, mume wako pia asipite kifua wazi. Watu hawatawaambia kitu. Watanyamaza tu, na hamtajua kilichopungua.

Chakula cha mchana agizeni siku moja kabla, kwa mama wa kijijini anayepikia wageni: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, wali, mchicha. Atakwenda kununua samaki asubuhi kwa idadi yenu, kwa hiyo mkisema mtakuja, njooni.

Jozani ni lazima, na kwa bahati ni rahisi. Daladala ya Jambiani, namba 309, hupita mlangoni pake, ingawa kwa mama mkwe nashauri gari. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ina kilometa za mraba 50, na mwaka 2016 iliingizwa kwenye mtandao wa hifadhi hai za UNESCO. Aliyeipa sifa ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Asili yake ni Unguja tu, hakuna penginepo duniani. Wachache walihamishiwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hesabu kubwa iliyofanywa miaka ya 2010 ilikuta zaidi ya 5,000, wengi kuliko walivyodhaniwa. Tumbo lake lina vyumba, huchachusha majani, ndiyo maana hapendi matunda mabivu yenye sukari. Walio karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu yenye sumu kidogo, kisha hutafuta makaa ya kuni wakayatafuna ili yafyonze ile sumu. Mtoto humwona mama yake akitafuna, akamwiga. Mkimkuta kima ameshika kipande cha mkaa mkononi, simameni mtazame, ni jambo la kipekee.

Nendeni asubuhi mapema au baada ya alasiri, saa za joto kali hulala. Kaeni mbali naye mita kadhaa, msile mbele yake, msimguse hata akipita juu ya begi. Maradhi yetu humpata. Na dereva aendeshe polepole kuanzia mnapoukaribia msitu. Magari yameua kima wengi kwenye barabara ile kabla ya kuwekwa matuta, na bado huwagonga. Chukueni vitambulisho vyenu vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni, na sehemu ya fedha hiyo hurudi vijiji vinavyozunguka hifadhi.

Tiketi hiyohiyo inakupeni njia ya mbao ndani ya mikoko, upande wa Pete. Wengi huipitia mbio. Msifanye hivyo. Mwombeni muongozaji akuonyesheni mkoko wenye mizizi ya kupinda kama miguu mingi, mkandaa uliotumika kupaka rangi ngozi na nyavu, na mchu unaotoa chumvi kwenye majani. Mtoto aulambe ubavu wa jani ataipata ladha yake. Njia ni tambarare, mama mkwe anaiweza taratibu. Kati ya mizizi ya mikoko ndiko samaki wengi wanakokulia, na kila mti unaokatwa kwa boriti au kuni mvuvi anaulipia.

Kuhusu safari ya pomboo, nakushauri muiache. Huko Kizimkazi hadi miaka ya 1990 pomboo waliwindwa kuwa chambo cha papa, na utalii ndio uliofanya wawe na thamani zaidi wakiwa hai; hilo nalitambua na nalishukuru, na eneo lenyewe ni sehemu ya hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997. Lakini yanayofanyika sasa asubuhi nyingi ni boti nyingi kulifukuza kundi moja, na watu kurushwa majini mbele ya mama anayenyonyesha. Utafiti uliofanywa hapo umeonyesha kuwa boti huwakatisha kupumzika. Agosti tena kusi linavuma, bahari ya kusini ni ya mawimbi, watoto watatapika zaidi ya kuona. Mkishikilia kwenda, tafuteni nahodha anayekubali kabla ya kuondoka kwamba atakaa mbali, atapunguza mashine, na hakuna atakayeruka. Mabwawa ya kuogelea na kasa waliofungiwa nayo yaacheni. Kasa mwenye kupakwa mafuta ya kujikinga na jua ya watu mia kwa siku hana raha.

Kizimkazi nendeni kwa sababu nyingine. Pale Dimbani kuna msikiti ambao kwa nje ni wa bati na chokaa kama misikiti mingi, lakini ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Umetengenezwa upya karne ya 18, na bado watu wanasali humo. Ombeni ruhusa kwa msimamizi, msiende saa za sala, kina mama jifunikeni kichwa, na toeni sadaka ya msikiti. Kusimama mbele ya maandishi yale, yaliyochongwa na mkono wa fundi zaidi ya miaka 900 iliyopita, kunawafundisha watoto kwamba miji ya pwani haikuanza na Wareno wala na Masultani wa Oman.

Na kama wanataka umri mkubwa zaidi, kuna Pango la Kuumbi, msituni nyuma ya Jambiani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo mwaka 2005, na wengine wakafuata. Walikuta mabaki ya watu walioishi hapo miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya nyati na punda milia. Punda milia, Unguja! Zama hizo sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda barafu, bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka huko kwenu hadi hapa. Watoto waliowahi kuona punda milia Mikumi njiani watashika kichwa. Pango ni kubwa, lina giza ndani na popo. Pia ni mahali pa mzimu, watu wa vijiji jirani bado huleta nadhiri zao. Mkikuta vitambaa, vyetezo au vyungu, msiguse, msipige picha, na msipige kelele. Ingieni na mwenyeji tu, na tochi. Njia ni ya mawe makali, kwa hiyo siku hiyo mama mkwe abaki.

Ngalawa pandeni alasiri ya bamvua, maji yakiwa juu. Ni gogo la mwembe lililochongwa, na ndubi zake ubavuni, zile mbao za kuizuia isipinduke, na tanga moja. Kwa kusi la Agosti msitoke nje ya mwamba, na watoto wavae jaketi la kuokolea hata nahodha akisema hapana haja. Patana bei ya chombo kizima, kwa shilingi.

Bei ndizo zinazonipeleka mwisho. Ile orodha ya dola ina faida ya hoteli, ya wakala na ya dereva ndani yake kabla mtembezaji hajapata kitu. Mnaweza kupanga wenyewe na mtembezaji wa kijijini, ila aonyeshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Papasi wa ufukweni, yaani mtembezaji wa kujitafutia wageni, asiye nacho, hata akiwa mcheshi, msimpe fedha ya mbele. Maji ya bomba tumieni kwa uangalifu: maji matamu ya huku yamelala juu ya maji ya chumvi ndani ya mawe, na hoteli zikivuta sana, visima vya kijiji hupata chumvi. Na kama mmefikiria kuleta zawadi za watoto, kalamu na daftari, msigawe njiani. Wakizoea kuomba wageni, huacha skuli wakahamia ufukweni. Mpelekee mwalimu mkuu baada ya masomo, mwalimu kwa mwalimu, na umuulize kwanza anahitaji nini.